Shauri Namba 41

Karani wa masjala anaitwa Namsifu.
Ana kikohozi cha vumbi la watu walioachana.
"Jina la mdai? La mdaiwa? Mwaka?"
Mwaka naukisia: nilikuwa darasa la kwanza,
nina kovu bichi la uji mkononi.

Nje, Moshi inaendelea na Jumatano yake.
Mwandika hati, meza yake imeegemea ukuta wa mahakama,
anamuuliza mama mmoja aliyebeba kiroba,
"Tuandike ugomvi, au tuandike ukatili?"
Yule mama anafikiri
kama anayechagua kitambaa.

Mama, uko Mawenzi, kwenye droo ya baridi, tangu Jumapili.
Baba mdogo Ndemasi ameshapima kaburi
kule Machame, kihambani kwa mume wako,
hatua tatu kutoka alipolala yeye.
"Mke wa ukoo halali tambarare," amesema.
Nawe ulinunua kiwanja Mabogini,
ishirini kwa ishirini, kwa faida ya maharage,
ukanionyesha kwa ncha ya kandambili:
hapa. Msinipandishe tena mlimani.

"Lete karatasi," wanaume wakaniambia.
"Asiye na talaka ana mume."

Namsifu anashuka ngazi na jalada
lililofungwa uzi wa katani.
Juu kabisa, barua ya wazee wa usharika,
bila hii mahakama isingekupokea:
*Tumekaa nao mara nne. Tumeshindwa.*
Sijawahi kusoma sentensi fupi ya wazee kama hiyo.

Chini yake, mwandiko wako,
herufi zimelala upande kama mahindi baada ya mvua:
*Sidai shamba. Sidai ng'ombe.
Nadai mtoto, cherehani, na usingizi.*
Hakimu amepigia mstari neno *usingizi*
kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: *fafanua.*

Ulifafanua. Ukurasa mzima.
Sitausema hapa.

Halafu ukurasa wa mwisho, wenye mistari mitatu tu:
*14 Novemba. Mdaiwa yupo.
Mdai ameitwa mlangoni mara tatu, hayupo.
Shauri linafutwa.*

Kovu langu linaijua tarehe hiyo.
Ulikuwa KCMC, umenipakata,
unaupepea mkono wangu kwa kipande cha boksi
huku mlangoni pa mahakama mtu akipaaza jina lako,
Haikaeli, Haikaeli, Haikaeli.

"Angerudi aombe lifufuliwe," Namsifu anasema.
Anahesabu kwa vidole:
"Lisikilizwe upya. Hukumu. Siku za rufaa zipite.
Ndipo apewe hati ya talaka, akaisajili.
Wengi hawarudi. Nauli tu."

Basi miaka thelathini na mitano
ulijaza fomu zote, za shule, za benki, za zahanati,
penye *hali ya ndoa* ukaandika *mtalaka*,
bila kusita, kwa kalamu ya mtu mwingine.
Nani alikuhukumia, Mama?
Uliketi mwenyewe, ukajisikiliza,
ukasimama.

Namsifu anachungulia mlango, anashusha sauti.
"Naweza kukuandikia kwamba jalada halikuonekana.
Isiyoonekana haibishani na mtu."
Ana huruma. Ana kikombe cha chai kilichopoa.
Nakaribia kusema ndiyo.

"Naomba nakala ya ukurasa wa pili," nasema.
"Na wa tatu."
"Haitakusaidia, mwanangu. Hakuna talaka humu."
"Najua."

Nalipa. Anaandika risiti polepole, jina lako lote.
Muhuri umekauka;
anaupulizia pumzi, anagonga mara mbili,
na wino unanishika kidoleni.

Saa tisa wanaume wanakaa.
Sina karatasi waliyoitaka.
Nina cherehani, bado inashona.
Nina usingizi, umefafanuliwa.
Na mtoto ndiye huyu,
anapanda mlimani kuwasomea.