Juzuu ya Tatu

Umeme ulikatika saa kumi alasiri, giza likiwa limeshaingia kitambo.
Huku Desemba jua ni mgeni asiyevua kofia.

Miaka thelathini na minne nilisoma mita tu,
nyumba kwa nyumba, bonde zima la Vågå,
na vitabu vya Gunnvor nikiviita hadithi za wanawake.
Leo nimewasha taa ya mafuta, nikachukua juzuu ya tatu.
Sijui kwa nini si ya kwanza. Ndiyo iliyokuwa juu.

Namkuta Gyrid binti Asgaut, mwaka mmoja kabla ya tauni,
akipanda mlima kwenda kanisani, mimba chini ya mkanda wa fedha,
mawe yakimtafuna viatu vya ngozi ya mbuzi.
Kanisa la mbao linanuka lami. Naijua harufu ile:
ndipo tulipomzika Gunnvor mwezi Machi,
ardhi ngumu hata wakaleta mashine.

Mume wa Gyrid ni mtu mwema, kitabu kinasema.
Anajua farasi. Anajua makasia.
Hajui kuuliza.
Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
una duara la kikombe cha kahawa,
chembe ya mkate mkavu,
na mstari wa penseli, mwepesi kama ukucha umepita,
chini ya maneno ya Gyrid, ufunguo wa ghala mkononi:
"Sikumsamehe. Nilimzoea."

Nikaisogeza taa.
Hakuna tarehe. Labda ni penseli ya Aslaug, dada yake,
aliyekiazima kiangazi kile asikirudishe hadi Krismasi.
Mfa maji, nalishika jani hilo.

Kuna jambo la mwaka themanini na moja.
Sitalisema hapa. Nilidhani theluji ilishalifunika.

Aliyesema maji yakimwagika hayazoleki
hakuishi huku. Huku yanaganda mlangoni,
unayazoa kwa koleo, pande kwa pande,
unayarundika kando ya ukuta,
na Mei yanamwagika upya.

Saa tano umeme ukarudi, friji ikaguna.
Taa sikuizima. Zimebaki kurasa tisini,
na tauni imeshashuka Bergen ndani ya marobota ya sufu.
Gyrid hajui. Yuko dirishani.
Mumewe yuko uani, ameinama, anakagua kwato za farasi.

Muulize, nikasema kwa sauti.
Acha huyo farasi, mzee. Muulize.