Tano ya Nane

Mwalimu mkuu mpya hakuja na fimbo,
wala hakuchungulia dirishani kama yule wa zamani,
kuhesabu nani yupo, nani kasinzia.
Aliingia na kigoda chake mwenyewe,
akaketi nyuma ya darasa la nne,
watoto mia na kumi na wanane mbele yake,
viatu vyekundu kwa vumbi la njia ya Keri.

Miaka ishirini na miwili nafundisha Koboko.
Andalio langu la somo limegeuka rangi ya chai;
nalijua kama ninavyokijua kikohozi changu.
Nikajisemea: huyu Ayikoru, binti wa juzi,
anikague mimi?
Nikaandika kwa mbwembwe, chaki ikalia:
saba ya nane, toa robo.
Jibu: sita ya nne.
"Tumeelewana?"
"Ndiyooo, mwalimu!"
Bati likatetemeka kwa ndiyo ile.

Kengele ilipogongwa, ringi kuukuu ya lori,
nikangoja hukumu.
Hakutaja sauti yangu, wala tai,
wala muhtasari wa wizara.
Aliuliza tu:
"Ulimwona Kiden, safu ya tatu,
alipotia mate kidoleni
akafuta tano ya nane
ili aandike la kwako?"

Nikageukia ubao.
Nimetoa, na kimeongezeka!
Hata mlanguzi wa mpakani hathubutu hesabu ile.

Usiku haukuniuma ule mkosi wa chaki.
Chaki hufutika.
Kiliniuma kidole chenye mate.
Wangapi, miaka yote hii,
wamefuta kweli yao kwa kuniheshimu?

Alhamisi, jua halijapanda, akabisha kwangu.
"Leo nafundisha mimi. Chukua kigoda,
unikamate."
Nikamkamata: wa upande wa kushoto
hakuwauliza hata swali moja.
Nilimwambia huku jasho linanitoka. Akaandika.

Tangu hapo kigoda kinatembea.
Jumatatu kwa Taban, Jumatano kwa wale wa chekechea.
Mshahara bado unachelewa,
na mvua ikipiga bati
bado inatushinda sauti sote.

Jana nilikosea tena, wala sikukusudia.
Kimya.
Halafu mkono, mwembamba, una wino:
"Samahani mwalimu, hapo pa pili…"
Nikamnyooshea chaki.
Nikaenda nyuma, nikaketi.

Kigoda kile ni kifupi mno.
Magoti yananifika kidevuni.