Karibu na Swichi

Lifti ilikufa Jumanne, kati ya ghorofa ya tano na ya sita,
ndani yake hamna mtu, ila gunia la viazi la Zauri.
Tukashuka ukumbini, kila mmoja na koti lake,
sisi wa jengo namba kumi na nne, Kutaisi,
theluji ikipapasa mlango.

Guram alisema kwanza. Alisema sana.
Aliwahi kuwa mhandisi wa reli, na sauti yake
haijastaafu. Alitaja vyuma, nyaya, waziri fulani wa zamani.
Tulimsikiliza kama mtu asikilizavyo mvua akiwa ndani.

Taa ya ngazi kwetu hujizima kila dakika,
ubahili wa kamati iliyokwisha kufa.
Ilipozimika, Guram alikatika katikati ya neno.
Lamzira wa ghorofa ya nne akanyoosha mkono, akaiwasha.
Nyuso zote zikageukia kule.
Hazikumfuata yeye, zilifuata mwanga.

Ikazimika. Akawasha. Tukageuka.
Mara ya sita, Eteri,
ambaye hawasalimiani naye tangu kesi ya bomba,
akamuuliza: "Sasa tufanyeje?"
Naye, kwa haya tu ya kuulizwa, akauliza:
"Bibi Tsutsa wa juu kabisa, dawa zake anapandishiwa na nani?"

Kimya. Hakuna aliyekuwa amemkumbuka.
Nikasema, mimi. Nikaushangaa mdomo wangu.
Mwingine akasema mkate. Mwingine, maji.
Zauri akaokota kipande cha kalamu ya risasi,
hakuandika, akampa yeye.

Kura haikupigwa.
Kufikia Ijumaa watoto walisema "muulize Lamzira"
kwa mambo yasiyo ya lifti: paka, kuni, hata posa.
Guram mwenyewe akaanza na "kama alivyosema Lamzira,"
hata pale Lamzira alipokuwa hajasema kitu.

Nilimwambia siku moja ngazini, nikihema. Akacheka.
"Nilisimama pale kwa kuwa ukuta una joto.
Bomba linapita nyuma yake."
Cheo ni dhamana, husemwa.
Cha kwake kilianzia mgongoni, kwa baridi.

Machi akaenda Batumi kwa dada yake.
Tukakutana bila yeye, lifti bado maiti.
Taa ikazimika.
Guram akakohoa. Mtu akasogeza kiatu.
Swichi ilikuwa palepale, usawa wa bega la mtoto,
nami nilikuwa nimeuegemea ukuta ule,
mgongo wangu ukipata moto vizuri,
nikisubiri, kama wenzangu,
mtu aiwashe.