Ukoga

Miaka thelathini na miwili Eluned
alimshikia daktari wa meno taa.
Sasa wateja wake hawafungui kinywa.

Ndoo ya maji ya mvua, sponji, mswaki laini,
kijiti cha mti kwa ndani ya herufi.
Siki, hapana. Brashi ya waya, ole wako.
"Sleti ina ufizi," husema. "Ukiikwangua, haisahau."

Ukoga wa meno, ukoga wa mawe:
neno ni lile lile, mkono ni ule ule,
juu kwenda chini, polepole, suuza.

Kanisa liliuzwa; aliyelinunua ameegesha boti ndani.
Mvua ya Welisi haina haraka wala haya.
Gwenllian Prosser amezama hadi kwenye tarehe.
Emrys na mpwa wake wanaingiza mtaimbo,
moja, mbili, jiwe linakohoa, linapanda,

na kwenye sehemu iliyokuwa imefukiwa,
ambayo hakuna mfiwa aliyeilipia,
kuna R.
Halafu R nyingine, imelewa.
Halafu ya tatu, mguu umenyooka kidogo.

Mwanagenzi fulani, mwaka 1841,
alijifunza kazi pale ambapo
udongo ungemsitiri.
Juu, kwenye PROSSER, hakuna anayejua.

Emrys amelowa, anataka chai.
"Tulifukie palepale, au?"

Eluned hajibu. Anatandika gunia,
anapiga goti, la pili linalia,
anachovya mswaki
na kuanza na ile mbovu.