Matundu ya Misumari

Nanunua mabati yaliyokwisha kuezekwa.
Hapo Igogo, ubavuni mwa jabali,
nayapanga kwa geji: thelathini mbele,
thelathini na mbili nyuma, yenye kutu
nawawekea watu wa mabanda ya kuku.

Tundu la msumari hunitajia fundi.
Huyu alikuwa amelewa.
Huyu mchoyo, msumari mmoja kwa futi tatu.
Huyu alikatakata ndala za mtoto,
vipande vya buluu chini ya kila kofia ya msumari
ili mvua ya ziwani, ile ya alfajiri, isimfikie kitandani.

Ya buluu ni ya Mbuke, wa Bugarika juu.
Aliyaleta mwenyewe kwa mkokoteni, kumi na nane.
Ukutani kwake walikuwa wamechora X nyekundu,
herufi ambayo hata asiyejua kusoma anaisoma,
na siku: Jumatano.
Akaezua Jumatatu.
"Katapila likifika linakunja," alisema.
"Bati lililokunjika utalinunua?"
Nikamwambia hilo nanunua kwa kilo.
"Basi haya utayahesabu moja moja."

Nikayahesabu.

Jioni, kwa Masalu kinyozi, televisheni bila sauti
ilionyesha jangwa. Mama mmoja juu ya ngazi,
mtandio mweusi, anaezua paa lake,
mbuzi wamesimama chini kama wapangaji
wasiojua wanadaiwa nini.
Maandishi yakapita: Wabedui. Kijiji hakimo kwenye ramani.
Makazi ya wengine yatajengwa hapo.
Asipobomoa mwenyewe, atatozwa gharama ya kubomolewa.
Wateja wakabishana Palestina ni saa ngapi kwa ndege.
Masalu akasema, inamisha kichwa.

Mimi nilikuwa naangalia nyundo.
Alipitisha makucha chini ya kofia,
akategemeza kibao bati lisibonyee,
akauvuta msumari taratibu, ukatoka mzima,
akautia mfukoni.

Anayeondoka moja kwa moja hang'oi hivyo.
Huyo huvuta kwa hasira, tundu likapasuka.

Usiku nikarudi na tochi ya simu,
nikayapindua ya Mbuke, moja moja.
Matundu yote mviringo.
Kwenye bati la tisa kipande cha ndala
kilikuwa bado kimeng'ang'ania.

Asubuhi akaja mtu wa Nyashishi, anajenga stoo,
akayataka yote kumi na nane, hela mkononi.
Nikamwambia yana mwenyewe.
Ni uongo. Nilishalipa,
na ada ya Kabula inadaiwa tangu mwezi uliopita.
Mpaka Ijumaa nitasema hivyo.
Baada ya Ijumaa sijui.