Sikukujua Umesimama

Kazi yangu ni waliolazwa.
Sina kliniki, sina bango mlangoni,
sina mtoto niliyemtibu surua
akakua, akaniletea wake.
Nawapokea wakiwa wameshalala chali,
nawaaga kabla hawajafunga kamba za viatu.
Zamu saba za usiku, kisha siku saba nyumbani:
ndiyo kalenda yangu hapa Duluth,
ambapo Januari machozi huganda kwenye kope
na barafu ya ziwa hupasuka gizani
kama mtu anayevunja mbao kwa hasira.

Neno lenyewe nalipenda: kulazwa.
Kulala, mtu hujilalia.
Kulazwa kuna mkono wa mwingine.
Mara nyingi mkono huo ni wangu,
saini iliyopinda saa nane na robo za usiku:
kitanda cha kumi na nne, mapafu yamejaa maji,
Orville Haugen, miaka sabini na sita,
fundi bomba mstaafu.
Hapa hakuna anayemjua isipokuwa faili,
na faili nalo limekosea mguu wenye chuma.

Usiku wa kwanza nilimuuliza maswali arobaini.
Alijibu kwa vidole; pumzi haikutosha maneno.
Usiku wa pili pumzi ya kwanza iliyotosha
aliitumia kulalamikia sinki:
"Daktari, bomba lile linavuja.
Litawazamisha ninyi kabla yangu."

Nilikuwa nabonyeza miguu yake, juu ya kifundo.
Kidole kikiondoka, shimo linabaki,
kama dole gumba kwenye unga uliokandwa.
Kila nikirudi, shimo limepungua kina.
Mimi habari njema huzisoma hivyo, kwa kugusa.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.
Sijui nani aliwafundisha watu wa bima methali hii.
Asubuhi ya tatu, koti nimeshavaa, simu ikalia:
Haugen bado yupo kwa nini?
Nikasema, hana wa kumpikia chakula kisicho na chumvi.
Wakasema, chumvi si ugonjwa.
Nikasema, theluji imefika kwenye kitasa cha mlango wake.
Wakasema, theluji haina namba kwenye orodha yetu.
Nikapandisha sauti. Nikaomba radhi. Nikapandisha tena.
Wakanipa siku moja.
Siku moja!
Niliibeba korido nzima
kama mtoto wa shule na yai lake kwenye kijiko.

Kitanda cha kumi na tano sikukipatia kitu.
Bi Lempi Saarela aliondoka asubuhi ile ile,
nikiwa kwenye simu, nikibishania chumvi.
Sina la kuongeza.
Nalitaja kwa sababu lilikuwa la zamu yangu.

Siku ya saba nikamkabidhi Daktari Vang wagonjwa kumi na wawili
kwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nne,
nikaenda nyumbani, nikalala na soksi.
Niliporudi, kumi na nne alikuwa mtu mwingine.
Huwa hivyo. Hatuambiwi mwisho wa hadithi;
sisi ni kurasa za katikati.

Kisha Aprili, duka la vifaa vya ujenzi,
natafuta balbu, nimesimama pasipo balbu,
sauti nyuma yangu: "Daktari."
Nikageuka. Nikaona vifungo vya shati.
Ikabidi niinue kichwa.
Haugen alikuwa mrefu!
Siku zote zile nilijua potasiamu yake,
mkojo wake kwa mililita, jina la mbwa aliyemfia,
na sikujua kwamba ni mrefu kama mlango.

"Lile bomba, walilitengeneza?"
"Bado."
Akaguna kwa dharau ya fundi,
akachagua kipande cha mpira, duara, cheusi, cha senti thelathini,
akakilipia, akakibonyeza kiganjani mwangu.
Nami, bila adabu, mbele ya watu,
macho yakateremka hadi kwenye vifundo vyake.
Akacheka. Akapandisha suruali kidogo,
akavuta soksi chini, nione:
ngozi laini, wala haikuwa na alama.