Michoro Tisa

Mama yangu, kule Morioka, anampenda jambazi.
Si Tokiwa, yule kijana wa upanga wa radi
ambaye uso wake umebandikwa hadi kwenye pakiti za wali.
Anampenda Urabe Mwenye Pembe, mchoma miji,
kwa sababu sehemu ya tatu, alipomaliza kula,
aliosha bakuli lake mwenyewe
akalifudikiza juu ya kitambaa lichuruzike.
"Mwanamume wa namna hiyo," aliniambia kwenye simu,
"hata akichoma mji, kuna pa kuanzia."

Mdogo wangu Teppei hataki kusikia.
Mtihani wa chuo umemwangusha mara mbili,
sasa anapanga masanduku ghalani, zamu ya usiku,
na ukimgusia Tokiwa vibaya anasusa chakula.
Si nguvu, anasema, kwenye katuni nguvu kila mtu anazo.
Ni vile anavyoinuka:
goti kwanza, kisha kiganja, kichwa mwisho,
kama mtu aliyekuwa akitafuta funguo mvunguni.

Mimi nalipwa kwa mchoro.
Ogikubo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la tambi,
supu inapanda ngazi mpaka kwenye karatasi.
Wakubwa huchora mkono ukiwa chini,
huchora mkono ukiwa juu.
Mimi huchora safari.

Kwa hiyo kipenzi changu ni mtu usiyemkumbuka:
Yohachi, mtoza ushuru wa daraja,
sehemu ya saba, dakika mbili kasoro.
Wakimbizi wamefika na mvua yao, hawana hata senti,
na maandishi yanasema tu: *Yohachi anakataa.*
Nikapewa mdomo uliofumbwa, nikapewa mdomo uliofumbuka,
na katikati, nafasi ya michoro tisa.

Nikamvua miwani.
Nikampa pindo la joho aifute,
jicho la kulia, jicho la kushoto, tena la kulia,
ingawa kioo kilikuwa safi, nilikichora safi makusudi.
Akaivaa.
Ndipo akasema hapana.

Bwana Kuzumaki, mwongozaji wetu, mtu wa kahawa na ghadhabu,
alizipeperusha karatasi kwa kidole gumba. Akarudia.
"Nani kakwambia?"
Hakuna.
"Aibu yake imeingia kabla ya neno," akasema,
akazirudisha mezani bila kuniangalia. "Iache."

Watu hudhani ni macho, yale makubwa kama visahani,
au nywele za rangi ya tikitimaji.
Macho nayachora kila siku, nayajua: ni duara mbili na tone la mwanga.
Mtu wa wino hana damu, hana deni, hana njaa ya saa kumi.
Mpaka umkopeshe kitu chako
ndipo anyanyue mguu,
na ukishamkopesha, harudishi.

Sehemu ya saba ilirushwa Jumanne, usiku wa manane.
Mama hulala saa tatu.
Simu ikalia kabla majina yetu hayajamaliza kupanda kwenye kioo,
langu la arobaini na kitu, dogo kama chawa.
Sikusikia habari za Urabe.
Nilisikia birika.

"Yule mzee wa darajani."
Ndiyo, mama.
"Miwani haikuwa chafu."
Haikuwa.

Birika likapiga mluzi, akaliacha lipige.
Mama yangu, ambaye hupima gesi kama dhahabu,
aliliacha lipige.
"Aliifuta hivyo hivyo," akasema, "siku ile mlangoni.
Nawe ulikuwa na miaka minne. Nilidhani umelala."

Kisha akauliza kama Tokyo baridi imeanza,
na kama Teppei anavaa soksi kazini.
Nikasema anavaa.
Sijui kama anavaa.